Tarehe mosi Julai, Mikindani

Leo nimeamka na kazi ninayoifanya mara tano kwa mwaka. Juni ina siku 30, lakini saa zangu za zamani hazijui. Jana nilizivaa na kuzitingisha zote saba zisisimame, na asubuhi hii zote zinaonyesha 31. Nimetandika mkeka barazani, chai pembeni, nikaanza kuzisogeza moja moja hadi 1.

Nangoja asubuhi makusudi. Mwaka nilioanza kukusanya nilibadilisha tarehe saa tano usiku, nikasikia kitu kimekatika ndani. Fundi wangu wa Mtwara mjini aliifungua, akanipa lenzi nitazame jino lililovunjika. "Mwalimu, kuanzia saa tatu usiku mpaka karibu na alfajiri meno yameshikana, yanaivuta tarehe polepole. Ukilazimisha, unavunja."

Ninayoitamani sijawahi kuishika mkononi: saa ya kalenda ya kudumu, ile ya zamani ya mitambo mitupu, isiyo na betri. Ninayo Orient yenye jedwali la siku na miaka usoni, ila hiyo mwezi na mwaka unavioanisha mwenyewe. Ya kudumu inajua peke yake. Ndani yake mna gurudumu dogo linalomaliza mzunguko mmoja kwa miaka minne. Ukingo wake una hatua 48, moja kwa kila mwezi. Mwezi wa siku 31 haukuchimbwa kabisa, wa siku 30 una pengo fupi, Februari ina pengo refu, na Februari ya mwaka mrefu pengo lake limepungua kidogo. Kijiti cha chuma kinapapasa ukingo huo kama kipofu anavyosoma kwa vidole, na kina kinachokutana nacho ndicho kinachoamua tarehe ziruke ngapi mwezi ukiisha. Kuna mtu alikaa akaichonga miaka minne kwenye chuma kidogo namna hiyo. Kila nikiwaza hilo nasisimka.

Ya kwanza kuvaliwa mkononi ni ya kampuni ya Uswisi, Patek Philippe, mwaka 1925, na mtambo wake ulikuwa umetengenezwa tangu 1898 kwa ajili ya saa ya kike ya kuning'iniza. Miaka 27 ukisubiri! Mwaka 2016 huko Geneva, Patek ya namba 1518 yenye kasha la chuma cha pua iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni 11 za Uswisi. Bei hiyo hainisumbui. Ningepewa dakika tano tu za kuitazama ikiwa wazi mgongoni, zingenitosha.

Nyingi zina pia kidirisha cha mwezi. Sahani yake ina miezi miwili iliyochorwa na meno 59, maana mwandamo mmoja unahesabiwa siku 29 na nusu. Mwandamo wa kweli unazidi hapo kwa dakika kama 44, kwa hiyo baada ya miaka miwili na miezi saba hivi saa inakuwa imekosea siku nzima. Kina mama wa hapa wanaoshuka pwani kutafuta pweza wakati wa bamvua hawakosei hivyo. Wao wanautazama mwezi wenyewe.

Hata kalenda ya kudumu ina mahali inapokwama. Miaka ya mia huwa mirefu ikigawanyika kwa 400 tu, ndivyo ilivyopangwa mwaka 1582, na gurudumu la miaka minne halina nafasi ya kulijua hilo. Tarehe 1 Machi 2100 saa hizo zitaonyesha 29 Februari, na itabidi mtu azisogeze kwa mkono.

Marehemu baba alikuwa karani wa ghala la korosho, na Seiko 5 yake ndiyo iliyoanzisha haya yote. Kila mwezi wa siku 30 ukiisha aliniita nimsogezee tarehe kabla hajatoka kwenda kazini. Tulimzika Jumanne. Saa ile hutembea siku moja na nusu hivi baada ya kuvuliwa, basi ilimpita, ikasimama Jumatano. Nilikaa nayo miezi mitatu dirishani mwake ikiwa bado Jumatano, nisiweze kuigusa.

Leo nayo ilisema 31 kama wenzake. Nimeiacha ya mwisho, nikaisogeza taratibu mpaka 1, akrabu fupi ikiwa imeipita 8 kidogo: saa mbili na robo asubuhi, wakati baba alipokuwa akitoka.