Siku moja kwenye maua ya muhogo, Naliendele

Saa kumi na mbili asubuhi natoka mjini Mtwara kwa bodaboda, begani nimebeba vifuko vya kitambaa nilivyofua jana. Saa moja niko kitaluni, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, ambako tunachavusha muhogo kwa mkono ili kupata mbegu mpya. Ua jike la muhogo hukaa chini ya shada na hufunguka wiki moja au mbili kabla ya maua dume ya shada hilohilo. Nikiliona limevimba nalivisha kifuko, nyuki asinitangulie.

Saa nne chai, na muhogo wa kuchemsha bila shaka. Tunakaa chini ya mti wa mpira, ndugu wa porini wa muhogo. Wote asili yao Amerika ya Kusini. Miaka ya 1930 watafiti wa Amani, Tanga, waliuchanganya na muhogo, kisha wakawaozesha tena watoto na muhogo kizazi baada ya kizazi. Humo ilitoka mbegu ya muhogo 46106/27, ambayo huku tunaiita Namikonga na Wakenya Kaleso. Michirizi kahawia, ugonjwa unaoozesha muhogo ndani, haiiwezi. Batobato, ugonjwa wa majani, kwa bahati mbaya inaiweza, ndiyo maana tunaiozesha na mbegu zinazohimili batobato.

Saa sita jua limekaza, maua yamefunguka. Nachuma ua dume, nalisugua taratibu kwenye ncha ya ua jike mpaka chavua ya njano ishike, narudisha kifuko, nafunga lebo: mama, baba, tarehe. Mgongo unalia. Leo maua 63.

Saa nane tunang'oa mihogo ya majaribio. Shina moja lilikuwa limenawiri, mimi mwenyewe nilikuwa nimelisifia. Mzee tunayefanya naye kazi akakata muhogo wake vipande: ndani madoa ya kahawia, makavu kama kizibo cha chupa: michirizi kahawia.

"Mwanangu, huu ungeupeleka sokoni?"

"Hapana, mzee."

"Mkulima angejuaje kabla ya kukata?"

Sikuwa na jibu. Nikaandika alama ya ugonjwa: 4; 5 ndiyo mbaya kupita zote.

Saa kumi nakagua matunda ya zamani. Yanataka kama miezi mitatu kukomaa, kila moja na mbegu tatu tu, na yakikauka hupasuka "ta!" na kuzirusha. Msimu uliopita nilichelewa kuyavisha vifuko, nikaishia kupekua mchanga kwa vidole.

Saa mbili usiku, nyumbani. Mama mkwe amepika kisamvu cha mpira kwa nazi. Namwambia majani haya ni ya babu yake Namikonga.

"Basi mwachie babu chumvi," anasema, "umeimaliza."