Siku moja na lori la winchi la sentimita 45

Saa 12 asubuhi nafungua kibanda changu hapa Kirumba, Mwanza. Wabeba mizigo wanaoelekea soko la samaki la Mwaloni wananisalimia, na lazima mmoja aulize, "Fundi, midoli inaendeleaje?" Neno hilo limenichosha. Natengeneza modeli za magari kwa kipimo, na kila kipande nakikata kwa mkono wangu.

Mezani, wiki ya nne sasa, lipo lori la winchi, aina inayohamisha mitambo kwenye visima vya mafuta. Winchi, mashine ya kuvutia mzigo kwa kamba, inakaa nyuma ya kabini. Mwisho wa bodi kuna rola nene la chuma, mzigo ukivutwa unapanda juu yake bila kukwama, na hapo hapo husimikwa nguzo mbili zinazokutana juu kama herufi A. Mteja wangu anakodisha malori, na moja liko upande wa Hoima, Uganda, linakoanzia bomba la mafuta la kilomita 1,443 linalokuja hadi Tanga. Dereva wake alilipima kwa futikamba, akanitumia namba kwenye simu: urefu mita 10.8. Gawanya kwa 24, ndicho kipimo cha modeli hii, unapata sentimita 45. Tairi la mita 1.2 linakuwa sentimita 5, nalichonga kwenye soli ya ndala.

Hadi saa 4 ni kukata na kupiga msasa.

Saa 4 na robo mteja, bosi mwenyewe, anaingia. "Fundi, bado tu?" Namwambia zimebaki rimu, kamba ya winchi na rangi. Anakaa kwenye kiti changu, mimi nasimama. Anataka nguzo za nyuma zikatwe, eti lori haliingii kwenye kabati la kioo ofisini kwake. Namweleza kwamba ukizikata, umebaki na lori la kubebea matofali. "Nani atajua?" Dereva wako atajua, bosi. Tunahamia kwenye bei tuliyokwisha kubaliana, laki 4 na nusu, maana mwanawe alinunuliwa lori la rimoti kwa elfu 40 na linatembea. Simu yake inaita. Anaongea huku ameshika kabini ya modeli kichwa chini, anaizungusha, na nasikia tik. Kioo cha pembeni kimekatika. Kijiti chake ni chembamba kama sindano, kilinila usiku mbili. Anakiweka mezani, anaendelea na simu. Hajasema hata pole.

Anaondoka saa 6 kasoro. Nguzo sikuzikata. Nilimwahidi zitachomoka, kwa sababu hata kwenye lori lenyewe huchomolewa zikalazwa wakati wa safari. Kwa hiyo mchana wote natoboa vikanyagio vya nguzo, pale zinaposimama, na kukata pini kutoka kwenye spoki ya baiskeli. Pini ya kwanza inalegea. Ya pili inapasua plastiki, naanza kikanyagio upya. Umeme unakatika, joto la bati linashuka hadi shingoni, natoka na kioo cha pembeni nikakigundishe juani mlangoni.

Kamba ya winchi nimeifuata kwa jirani, fundi baiskeli. Waya wa breki ni mnene mno, ungekuwa na milimita 36 kwenye gari halisi. Waya wa gia una milimita 1.2, sawa na kamba ya milimita 29 hivi, na ndiyo saizi yenyewe. Alinipa kipande bure. "Chukua ndugu yangu, ila nikuone ukiufunga."

Giza limeingia, jirani amefunga lakini bado yuko pembeni yangu. Nazungusha winchi kwa kidole. Waya unakaza, jiwe la robo kilo linaburutika mezani, linagusa rola, rola linazunguka, jiwe linapanda bodini. Analirudisha chini anaomba nirudie.

Namtumia dereva picha. Anajibu papo hapo: "Safi sana fundi. Ila mwisho wa kamba pana ndoano, na mnyororo mfupi kabla yake."

Huyo ametazama. Naomba jirani anishikie tochi, natafuta mkufu mwembamba kwenye kopo la mabaki.