Natto, mara kumi

Kwa miaka mingi neno langu mezani lilikuwa moja: "Hicho sili." Nililitamka kabla ya kuonja, mara nyingine kabla hata ya kuuliza chakula chenyewe kinaitwaje. Sikuona ubaya wake mpaka nilipohamia nyumba ya kupanga tuliyokaa watu sita, kila mtu na nchi yake, jiko moja, jokofu moja.

Wiki ya kwanza, mwenzetu mmoja wa Kijapani aliniandalia kifungua kinywa. Alikuwa ameamka mapema kwa ajili hiyo. Akaniwekea wali wa moto, na juu yake natto, yaani maharage ya soya yaliyochachushwa. Harufu iliponifikia nikasogeza bakuli pembeni na kusema neno langu lile. Hakulalamika. Alilivuta upande wake, akala taratibu, macho yakiwa chini. Siku nzima sura yake haikunitoka. Jioni nilimfuata nikamwomba radhi, nikamwomba pia anifundishe kula. Alifurahi, lakini akanishauri nisianze na natto. Kwanza nitafute kitu chepesi zaidi, kisha nirudi kwake.

"Kitu chepesi" kikatokea kuwa jibini ya Roquefort, na sidhani kama ni nyepesi hata kidogo. Aliileta mwenzetu wa Kifaransa, mpishi kwa kazi yake. Hutengenezwa kwa maziwa ya kondoo, na ile mistari ya bluu na kijani inayopita ndani yake ni ukungu halisi, uliopandwa makusudi, uitwao Penicillium roqueforti. Maisha yangu yote ukungu kwenye chakula ulimaanisha kitu kimoja: tupa. Sasa naambiwa nitafune. Nilikata kipande kidogo kama punje ya mahindi, nikakiweka ulimini. Chumvi ilinipiga kwanza, halafu ukali fulani ukapanda puani, nikakimbilia sinki.

Yule mpishi hakucheka. Alinikalisha tena, akaniambia nibane pua kwa vidole viwili, niweke kipande kingine mdomoni, nitafune, na nisiachie pua mpaka aniambie. Nilishangaa. Pua ikiwa imefungwa, jibini yote ilikuwa chumvi, uchachu kidogo, na mafuta yanayoyeyuka polepole. Hapakuwa na cha kutisha. "Achia sasa, toa pumzi." Nikatoa pumzi, na ile harufu yote ikapanda kutoka nyuma ya koo.

Hapo ndipo nilipoelewa mambo ya ladha kwa mara ya kwanza. Ulimi wenyewe unatambua vitu vichache: chumvi, utamu, uchachu, uchungu, na ile ladha ya tano ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliipa jina la umami mwaka 1908, baada ya kuchunguza supu ya mwani wa kombu. Sehemu kubwa ya yale mengine tunayoyaita ladha ni kazi ya pua, kwa njia ile ya nyuma ya koo. Kuanzia siku hiyo, kila chakula kigeni nilikionja kwanza pua ikiwa imebanwa, nikajua chumvi yake na ulaini wake, ndipo nikaachia pumzi kidogo kidogo. Mshtuko ulipungua mno, kwa sababu vitu viwili havikunijia kwa pamoja.

Kipande cha tatu alinipa juu ya mkate, na tone la asali na ubale mwembamba wa peasi. Hicho nilikimeza, na nikaomba kingine. Kosa langu la awali lilikuwa kukila chakula bila cha kukisindikiza, jambo ambalo wenyeji wake hawalifanyi. Tangu hapo, swali langu la kwanza kwa mwenyeji yeyote ni hili: nyinyi hukila na nini?

Jambo jingine nililoliacha ni kukipa chakula jina baya kabla sijakila. Nilikuwa na tabia ya kusema hiki kinanuka soksi, kile kinanuka zizi. Mwaka 2001 watafiti Rachel Herz na Julia von Clef waliwanusisha watu mchanganyiko wa asidi mbili, isovaleriki na butiriki. Ulipoitwa jibini ya Parmesan, watu waliupokea vizuri. Mchanganyiko uleule ulipoitwa matapishi, waliuchukia. Nilipolisoma hilo nilijiona humo. Nilikuwa najitilia sumu mwenyewe kwa maneno, na kuwatilia walioketi nami.

Kisha nikarudi kwenye natto.

Nilishajua kwamba mara moja haitoshi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1982, Leann Birch na mwenzake waliwaonjesha watoto wa miaka miwili vyakula wasivyovijua, baadhi mara nyingi na vingine mara chache. Watoto walielekea kupenda zaidi vile walivyovionja mara nyingi. Mimi si mtoto, ila nilijiwekea mara kumi, na kamwe si mara mbili kwa siku moja. Kila mara niliandika mstari mmoja kwenye daftari.

Mwalimu wangu, yule mwenzetu wa Kijapani, alinionyesha hatua zote. Unafungua kikasha, unaondoa karatasi laini ya juu, na nyuzi nyeupe zinainuka nayo kama utando wa buibui. Unakoroga kwa vijiti kwa nguvu mpaka maharage yatoe povu jepesi. Ndipo unatia haradali na mchuzi wa soya, unamwaga juu ya wali wa moto, unanyunyiza vitunguu majani. Ukiinua tonge, zungusha ncha za vijiti hewani mara mbili tatu ili nyuzi zikatike, la sivyo zitakufuata mpaka kidevuni.

Siku tatu za kwanza nilikula harage moja moja. Harufu niliimudu kwa ile mbinu ya pua. Kilichonishinda ni utelezi. Hili watu hawalisemi vya kutosha: mara nyingi ladha haina kosa, ni mdomo unaokataa kitu kinachoteleza, kinachonata au kinachochezacheza. Nilihangaika na utelezi ule mpaka nilipofikiria kukatia humo tango mbichi, vipande vidogo. Meno yakapata cha kuvunja, na mdomo ukatulia. Siku ya nne niliandika, "Inalika." Siku ya saba nilimaliza bakuli, na nikagundua kwamba nyuma ya ile harufu kulikuwa na ladha kama ya karanga zilizokaangwa. Sikuwahi kuisikia kabla, nayo ilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Tahadhari nilizozishika ni chache lakini sikuzilegeza. Chakula kipya kimoja tu kwa mlo mmoja, na kuuliza kilichomo kabla ya kuonja, maana kuna wenye mzio wa soya, karanga, maziwa au samaki. Midomo ikivimba au koo likibana, hilo ni la hospitali mara moja. Natto nayo ina vitamini K kwa wingi, hivyo anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, hapaswi kuila.

Na kuna cha kuacha. Mwenzetu mmoja alikuwa akionja majani ya giligilani anasikia sabuni. Tulimbembeleza wiki nzima, mpaka tukasoma kwamba baadhi ya watu huzaliwa na wepesi mkubwa wa kunusa kemikali fulani zilizomo kwenye majani yale, aldehaidi, na kwamba jambo hilo limehusishwa na jeni ya OR6A2. Tukamwomba msamaha, tukawa tunamtengea chakula chake kabla ya kutia giligilani.

Mwezi uliopita limeingia duriani, tunda ambalo harufu yake imelifanya lipigwe marufuku kwenye treni za Singapore. Lilikuja limefungwa mifuko mitatu na bado tulilijua kabla mlango haujafunguliwa. Nyama yake ni laini kama malai, ina utamu, na katikati ya utamu huo kuna kitu kama kitunguu. Nimeshalionja mara nne. Daftari linasema: "Bado." Jumamosi nitalionja la tano, likiwa baridi, maana nimeuliza, na mwenye nalo ameniambia yeye hulila likitoka kwenye jokofu.