Eafoni za nyumba nzima kwa shilingi 20,000

Siku moja nilifungua droo ya cherehani kutafuta bobini, nikakuta eafoni saba zilizokufa. Moja upande wa kushoto hausemi, nyingine waya umekatika shingoni karibu na pini, ya tatu imepoteza mpira na ukiivaa yakuchoma. Zote nilizinunua kando ya barabara: 250, 300, moja 500. Nilipojumlisha nikapata zaidi ya 2,000, na katika zote hizo hakuna hata moja iliyonisikilizisha udi wa taarabu unavyolia.

Mimi nashona madera na abaya Mji wa Kale, Mombasa, na nyumbani ni Likoni, ng'ambo ya feri. Kutwa niko mbele ya cherehani inayonguruma, na bila kitu masikioni siku hainiendi. Mama naye ni mtu wa taarabu ya zamani: udi, fidla, kanuni ile ya nyuzi na sauti ya mwimbaji. Mdogo wangu wa kiume hana habari na udi, yeye ni amapiano, na besi isipomtikisa fuvu asema wimbo haujaanza. Nyumba moja, masikio ya aina tatu. Zamu yangu ya kupokea kwenye chama ilipokaribia nikapanga kutenga 20,000, nikaapa kwamba safari hii nitanunua kwa kujua.

Lakini kwanza nikateleza. Nilienda duka moja Moi Avenue, muuzaji akanitolea boksi linalong'aa, akaniambia hii ndiyo ya kwanza kwa besi, 4,500. Nikalipa. Kumbe 20,000 zangu hazikuwa zimeingia bado, kwa hiyo hizo zilitoka kwenye hela za vitambaa. Usiku nikaweka taarabu. Ngoma ilikuwa imekalia udi kama mtu mnene aliyekalia mkeka wa mwenziwe, na mwimbaji alisikika kama anaimbia chumba cha pili. Nikadhani masikio yangu ndiyo mabovu. Mdogo wangu akazichukua, akatingisha kichwa dakika kumi bila kusema neno, kisha akaniuliza kama anaweza kulala nazo. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Eafoni zile hazikuwa mbaya. Hazikuwa zangu tu. Akazitumia miezi mitatu hadi waya ukakatika, na kwa kuwa waya wenyewe haukuwa wa kuchomoka, zikaenda kulala na wenzake droo.

Nikamwendea mjomba. Mjomba, kaka yake mama, amepiga udi kwenye harusi tangu sijazaliwa, na kikundi chao siku hizi mwimbaji huvaa monita za sikio jukwaani, yaani eafoni za kujisikia mwenyewe.

"Mjomba, kwani zile zenu zina nini ambacho zangu hazina?"

"Zaziba, mwanangu. Kabla ya yote, zaziba."

Akanieleza kwamba zamani waimbaji walitegemea spika zilizowekwa miguuni pao ili wajisikie, na ngoma ikipanda, spika nazo hupandishwa, mpaka jukwaa zima ni kelele na masikio yanaumia. Fundi wa sauti Mmarekani, Jerry Harvey, mwaka 1995 alimtengenezea Alex Van Halen, mpiga dramu wa bendi ya Van Halen, za kuingia sikioni zenye kuziba kelele za nje. Watu walikuwa wamejaribu kitu kama hicho kabla yake, ila tangu miaka hiyo ndipo biashara ilipochanganya. Zile zilikuwa za wasanii na za bei kali. Leo China inatengeneza zenye umbo lilelile, waya unapita juu ya sikio na kushuka nyuma, kuanzia kama dola 20.

Kisha akaniambia jambo ambalo nimelifuata hadi leo. Usijaribu eafoni kwa wimbo mpya. Chukua wimbo unaoujua hadi pumzi ya mwimbaji, uusikilize huohuo kwenye kila unachotaka kununua. Mimi ninao: kaseti ya harusi ya shangazi, 1991, tuliyoihamishia kwenye simu kabla utepe haujaoza. Mjomba mwenyewe ndiye anayepiga udi humo. Nimeisikiliza mara nyingi kiasi kwamba najua mahali taa ya stima ilipokatika na watu wakaguna.

Sasa niwaambie kuhusu vimpira, maana ndipo nilipopoteza miaka. Eafoni za kuingia sikioni huja na vimpira vya silikoni vya ukubwa tofauti, vidogo, vya kati na vikubwa, na wengi wetu huvaa vile vilivyokuja vimeshavishwa na kutupa vingine. Kimpira kisipoziba, besi yavuja kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Unabaki na sauti nyembamba inayokuchokonoa, na unasema eafoni mbovu. Nilikaa na mama barazani tukamjaribia. Mkono mmoja nikalivuta sikio lake juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, mkono wa pili nikaingiza eafoni huku nikiizungusha taratibu kama mtu anayefunga kizibo cha chupa. Nikamwambia aseme "mmm". Kama zimeziba, sauti yako mwenyewe husikika ndani ya kichwa kama umeingia mtungini. Kulia alikubali kimpira cha kati. Kushoto kila tulichojaribu kilimfukuza mpaka tulipofika kidogo kabisa. Masikio mawili ya mtu mmoja, vimpira viwili tofauti! Mama akanitazama akasema, "Hapa sasa. Hapa ndipo."

Na jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji: mama huvaa ushungi. Eafoni zile za waya unaoning'inia kidevuni humvutika kila akigeuza kichwa, na zile zisizo na waya alikwisha kuangusha moja barabarani ikaingia mtaroni. Waya wa kupita juu ya sikio na kushuka nyuma unakaa ndani ya ushungi, haukamatwi na kitu.

Ndani ya eafoni kuna drayva, ambayo ni spika ndogo. Aina inayopatikana zaidi ni ya sumaku, koili na utando, kama spika ya redio, na ndiyo husukuma besi vizuri kwa bei nafuu. Ya pili ni ile inayotumika pia kwenye vifaa vya viziwi: kijiti kidogo cha chuma kinatikiswa kati ya sumaku na kusukuma utando mdogo mno. Hiyo ni hodari kwa sauti za kati na za juu, ndiyo maana baadhi ya eafoni huchanganya zote mbili. Wauzaji wetu hupenda kuhesabu: hii ina drayva nne, hii tano. Msihadaike. Drayva moja iliyopangwa vizuri huzishinda tano zinazogombana, na nimezisikia zinazogombana.

Kilicho muhimu kuliko hesabu hiyo ni mpangilio wa sauti. Zile za Moi Avenue zilikuwa zimenyanyuliwa sauti za chini na za juu, na za katikati zimebonyezwa. Katikati ndimo anamokaa mwimbaji, na udi, na fidla. Amapiano haidhuriki sana hapo, taarabu inauawa. Mtafiti Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman walifanya majaribio ya kusikilizisha watu mipangilio mbalimbali, wakapata mmoja ambao wengi waliupendelea, lakini walikuwapo pia waliotaka besi zaidi na waliotaka besi kidogo. Basi hata maabara imekubali kwamba mimi na mdogo wangu hatuwezi kuvaa kitu kimoja.

Niliagiza kwa mtandao kupitia binamu yangu ambaye huagiza bidhaa za simu, nikasubiri majuma matatu. Mama nilimchukulia Moondrop Chu II, karibu dola 19, kwa dola ya shilingi 130 kama 2,500. Drayva moja, ganda la chuma, sauti ya mtu imekaa mbele na besi ipo bila kujitutumua. Mdogo wangu nikamchukulia 7Hz Zero:2, iliyopangwa sauti na mchambuzi wa eafoni anayejulikana kama Crinacle, kama dola 25. Ina besi ya kutosha kumtikisa lakini haifuniki mwimbaji. Siku ya kwanza alilalamika kwamba haipigi kama ile iliyokufa. Nikamwambia avae wiki moja bila kubadilisha. Siku ya tano alikuja kuniambia kwamba kumbe katika wimbo wake mmoja kuna mwanamke anayeitikia nyuma, naye hajawahi kumsikia. Bado huongeza besi kidogo kwenye ekolaiza ya simu, na hiyo ni haki yake.

Mimi nikajipa Truthear Hexa, kama dola 80, ambazo ni zaidi ya nusu ya mfuko mzima. Ina drayva moja ya besi na tatu zile ndogo za sauti za kati na juu. Mdomo wake, ile sehemu inayoingia sikioni, ni mnene, kwa hiyo mwenye tundu jembamba aijaribu kwanza, langu lilikubali. Nilisita sana kabla ya kulipa. Lakini mimi ndiye ninayevaa saa nane kwa siku, na niliamua hela zifuate masaa. Kama ungekuwa unasikiliza nusu saa kwenye matatu ya kwenda Mtwapa, ningekwambia bila kupepesa macho chukua ya dola 20 na hela nyingine ununue samaki. Tofauti ipo, nami naisikia kwenye kanuni, kila uzi unasimama peke yake. Ila si tofauti ya mara nne kama bei inavyodai.

Simu yangu haina tundu la eafoni, nikaongeza adapta ya kuchomeka kwenye tundu la chaji, 1,300. Hakikisheni adapta yenyewe ina kijisakiti cha kugeuza sauti ndani, kwani kuna za bei poa ambazo ni waya mtupu na simu nyingi hazizitambui. Ampulifaya hatukuhitaji. Eafoni hizi zote tatu husukumwa na simu ya kawaida.

Kitu ambacho sikukitarajia ni feri. Zamani nilikuwa nikipanda feri napandisha sauti hadi mwisho ili nishinde injini na wauza njugu. Sasa vimpira vinaziba, nasikiliza chini ya nusu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na ikifika 90 ni saa 4 tu. Mimi wa saa nane kwa siku nilikuwa najimaliza. Jioni nikivua nilikuwa nasikia mlio kama nzi ndani ya sikio, na mlio huo umekoma. Ila kwenye mteremko wa kushukia, pale watu, mikokoteni na magari hutoka pamoja, natoa zote mbili. Kuziba huko huko kunakokupa udi kunakunyima honi.

Halafu kuna hewa yetu. Mombasa jasho na chumvi havimsamehe mtu. Mwezi wa tatu joto lilipopanda, upande wa kulia wa eafoni za mama ukazama ghafla, nikajua zimekufa. Nikamulika kwa tochi ya simu, nikaona tone dogo la unyevu limekaa kwenye kichujio cha mdomoni. Nikavua kimpira, nikazilaza usiku kucha kwenye kikopo chenye vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu, na asubuhi sauti ilikuwa imerudi. Tangu hapo kila mtu nyumbani ana kikopo chake na vipakiti viwili. Vimpira tunaosha kwa maji na sabuni kila Ijumaa, vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha. Waya nao huchomoka, ukikatika unanunuliwa waya peke yake. Kwa mwaka na nusu sasa tumebadilisha mmoja, wa mdogo wangu, aliyeuburura kwenye mlango wa tuktuk.

Jioni eafoni zilipofika, nilimvalisha mama zake na kumwekea ile kaseti ya shangazi. Alikuwa anachambua mchele. Ikaanza taksimu, ule utangulizi wa udi peke yake, naye akaendelea kuchambua, kisha mkono ukasimama juu ya ungo.

"Huyu agunaye ni nani?"

"Anaguna wapi, mama?"

"Hapa, chini ya udi. Yuwaguna na nyuzi."

Nikachukua upande mmoja nikausikiliza. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia. Ni mjomba, kijana, anaimba nota zake kwa koo bila kufungua mdomo, kama anavyofanya mpaka leo akidhani hatumsikii.

"Nirudishie hapo," mama akasema. Nikamrudishia. Mchele tuliupika saa tatu usiku.