Jumapili niliyokaa kwenye kiti cha shofa

Nilikuwa kwenye pikipiki yangu ya kubeba abiria hapa Goma, natoka mtaa wa Katindo kuelekea Signers, nyuma nimempakia mama mmoja na mfuko wake wa maharagwe. Mbele yetu teksi ilikuwa inajikokota. Nikapiga klaksoni mara moja, nikaanza kuipita kwa kushoto, kama inavyotakiwa huku Congo. Nilipofika ubavuni mwake, ikakata kushoto kuingia avenyu. Tukaanguka. Mama alichubuka goti, maharagwe yakatawanyika kwenye kokoto nyeusi, na kabla sijasimama wamotari wenzangu walikuwa wamekwisha kuizingira teksi. Kwetu hakuna kuuliza nani mwenye kosa: ni mwenye gari. Shofa, yaani dereva, mtu mzima, akashuka mikono juu. "Kijana yangu, sikukuona, naapa kwa mama yangu." Nikamwambia hana macho. Nilimwambia na mengine ambayo siwezi kuyaandika. Mwishowe tuligawana hasara ya goti na ya maharagwe, tukaachana tumenuniana.

Neno lake lilinisumbua wiki nzima, kwa sababu ya mikono yake. Ilikuwa inatetemeka. Mwongo hatetemeki vile.

Shemeji yangu ni makanika. Jumapili nikamkuta na Toyota yenye volan, yaani usukani, kulia, kama ile teksi, kama magari mengi ya hapa Goma. Funguo sikuomba, nilitaka kukaa tu. Nikakaa kwenye kiti cha shofa, mdogo wangu akaisukuma pikipiki yangu polepole kulizunguka gari. Kwa kulia nilimwona muda wote. Kwa kushoto, alipofika usawa wa mlango wa nyuma, akapotea. Kiooni hayupo, dirishani hayupo. Kisha nikamwita shemeji na kijana wake wa gereji wakae mbele pamoja nami, maana teksi zetu hubeba abiria wawili pale mbele. Hapo hata kioo chenyewe cha kushoto sikukiona vizuri. Nililoona ni bega la shemeji.

Congo tunaendesha kwa kulia, kwa hiyo tunapitana kwa kushoto. Gari lile lilitengenezwa Japani, kwa barabara ya kushoto. Likifika kwetu, shofa wake anakaa upande wa mtaro, mbali na sisi tunaompita. Naye akitaka kulipita lori, inabidi alitoe gari karibu lote ndipo aone kinachokuja. Wewe unayetoka mbele unaliona gari lake kabla macho yake hayajakufikia. Na tusiwacheke wenye magari, kwa maana pikipiki zetu za India ni hivyohivyo. Bomba la moshi liko kulia, na kule abiria hupandia kushoto, ukingoni mwa barabara. Hapa anayeogopa kuungua mguu hupandia kushoto vilevile, lakini kushoto kwetu ndiko magari yanakopita.

Tangu siku ile sipiti gari kabla sijajua volan iko upande gani. Klaksoni napiga mara mbili fupi, halafu nangoja nimwone shofa ananitafuta kiooni. Penye avenyu ya kushoto sipiti kabisa. Klinyota, zile taa za kuonyesha unakata kona, siziamini, nyingi zilishakufa. Naangalia gurudumu la mbele, likianza kupinda najua anakata, hata kama taa haijawaka. Ukienda kilomita 40 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka imekupeleka mita 11 kabla hujagusa freni, na kwenye kokoto freni ya mbele ndiyo inayokulaza chini. Nikimshusha mtu, natoka kwenye lami mpaka kwenye mawe, ili mguu wake ukanyage mahali pasipo na gari. Hiace ambayo mlango wake haukuhamishwa naiacha mbali: watu wanashukia kushoto, katikati ya njia. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, iliyojaa makaa ikishuka kutoka Kibumba, freni yake ni mguu wa mwenyewe juu ya mpira wa gurudumu la nyuma. Huyo anapewa njia bila mjadala.

Kaske, yaani kofia ngumu, ya abiria ninayo, ila wengi wanaikataa kwa sababu ya nywele au ya jasho la aliyetangulia. Hapo bado sijashinda.

Yule muzee wa teksi tunaonana mara nyingi pale Signers. Siku hizi tunasalimiana. Habari ya Jumapili ile sijamwambia, nafikiri ni haya tu.

Wateja wa asubuhi ndio wanaonung'unika. "Motari, pita basi, niko nachelewa kazi!" Mimi nahesabu vichwa kupitia kioo cha nyuma cha teksi. Vikiwa viwili pembeni ya shofa, nabaki nyuma, tunakula vumbi pamoja.