Kujaribu glezi kwenye udongo mgeni: utaratibu ninaoufuata

Udongo nisioujua naupima wenyewe kwanza, glezi (tabaka la kioo linalofunika chombo cha udongo baada ya kuchomwa) baadaye. Nafinyanga vipande bapa, kila kimoja nakichora mstari wa sentimita 10 kingali kibichi. Kikishachomwa hadi joto la mwisho napima mstari tena: ukibaki sentimita 8.8, udongo umesinyaa kwa asilimia 12. Kisha nakipima uzito, nakichemsha kwa muda wa saa 5, nakiacha majini hadi kesho yake, nakipangusa na kukipima upya. Kipande cha gramu 100 kikifika 108, udongo unanywa maji kwa asilimia 8, na chombo chake kitavuja jasho hata glezi ikipendeza vipi.

Vigae vya glezi navikunja viwe na umbo la L ili visimame tanurini, kwa sababu kigae kilicholala huficha glezi inayotiririka. Upande mmoja nauchora mifereji nione rangi inavyokaa kwenye kingo. Udongo ukiwa mwekundu, nusu ya kigae naipaka uji wa udongo mweupe. Rangi ikitofautiana kati ya nusu hizo mbili, chanzo ni chuma kilichomo kwenye udongo, na kubadili kanuni ya glezi si jambo la kuanzia.

Choma ya kwanza naipeleka polepole hadi karibu digrii 1000. Ikiharakishwa, gesi hubaki ndani na kutoka baadaye kupitia glezi, zikiacha vitundu. Kabla ya kuchovya nafuta vumbi kwa sponji yenye unyevu, maana vumbi na mafuta ya vidole huifanya glezi ijikunje na kuacha madoa matupu. Glezi naichuja, kisha napima uzito wa lita moja; glezi nyingi nazianzia kwenye gramu 1,450. Nachovya sekunde 3, halafu sehemu ya juu peke yake mara ya pili, hivyo kigae kimoja kinaonyesha unene wa aina mbili. Namba naiandika chini kwa oksidi ya chuma iliyokorogwa na maji. Wino wa kalamu huungua wote.

Kasoro ninayoichunguza zaidi ni nyufa laini mithili ya utando wa buibui. Glezi imesinyaa kuliko udongo. Kwenye glezi naongeza silika (madini yanayounda kioo) kidogo kidogo, au napunguza feldispa (madini yanayosaidia glezi kuyeyuka) yenye sodiamu nyingi. Glezi ikibanduka kingoni kwa vipande vikali, tatizo ni kinyume chake, nalo ni baya zaidi: vipande hivyo vinaweza kuingia kwenye chakula. Glezi hiyo haigusi sahani yangu hata moja.

Vigae vilivyobaki vinalala kwenye friza usiku mmoja, kisha vinatumbukizwa katika maji yanayochemka, mara 3. Kipande cha limau nakiacha juu ya glezi saa 24. Ikififia au kubadilika rangi, haifai kwa vyombo vya chakula. Halafu navihifadhi rafuni wiki kadhaa. Chembe za chokaa ndani ya udongo hunyonya unyevu wa hewa taratibu, huvimba, na kumega uso wa kigae kilichotoka tanurini kikiwa safi kabisa.