Mgeni wa Lago

Jana usiku nimeitazama tena High Plains Drifter, filamu ya mwaka 1973 ambayo Clint Eastwood aliiongoza na kuiigiza, na mchana kutwa leo haijanitoka akilini swali moja: je, mgeni wake ni mchonganishi, chanzo cha fitina?

Mgeni asiye na jina anaingia Lago na farasi wake, kijiji cha mbao kando ya ziwa, watu wanamchungulia madirishani. Kwa kinyozi, sabuni ikiwa bado kidevuni, anawaua wanaume watatu kwa bastola aliyoificha chini ya shuka. Cha ajabu, wakubwa wa mji hawamfukuzi. Wanamwomba awalinde dhidi ya majambazi wanaotoka gerezani, achukue bure chochote anachotaka. Basi anachukua. Dukani anampa mzee Mhindi Mwekundu mablanketi na watoto peremende, kwa gharama ya mwenye duka. Mordecai, yule mtu mfupi wanayemdharau wote, anamfanya sherifu, tena meya. Kisha anawaamuru wapake mji mzima rangi nyekundu.

Mgeni wa San Miguel, ambaye Eastwood pia anamwigiza katika A Fistful of Dollars ya 1964, ni mchonganishi hasa: leo kwa akina Rojo, kesho kwa mahasimu wao akina Baxter, kote anakula fedha. Wa Lago hahitaji kuchonganisha. Akidai tu, wenyeji wanaanza kurushiana lawama, maana wana siri. Jim Duncan, askari wao, aligundua kuwa mgodi uko kwenye ardhi ya serikali. Wakamkodishia wauaji, ndio majambazi hao hao, akachapwa mijeledi barabarani hadi akafa, huku wao wakitazama.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Lago hawakutaka kupona, walitaka kulindwa, na hapo ndipo ninapokataa kumwita mgeni huyu chanzo cha fitina. Fitina aliikuta imekaa kitako.

Lakini simtetei kwa yote. Anachomfanyia Callie Travers, mwanamke wa mji ule, kumbaka mchana kweupe, filamu inakipitisha kama sehemu ya adhabu ya mji. Hapana. Hilo ni kosa la filamu yenyewe, na kila nikiitazama linaniuma zaidi.

Ninayempenda ni Sarah Belding, mke wa mwenye hoteli. Usiku ule wa mijeledi alitaka kwenda kumsaidia Duncan, akazuiwa. Mwishoni anafungasha vyake na kuuhama mji ule, na mimi nafurahi sana kumwona akiondoka.